Sentimita Nne na Nusu kutoka Zuhura

Jumapili, 8 Novemba 1992

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, hata Gladness ninayekaa naye dawati moja: kaka yangu Florian nimemsahau. Habari zake ninazo zote, barua zake nazijua kwa moyo. Ila nikifumba macho nimtafute, ninaiona ile picha ya sebuleni tu, amevaa koti la kuazima siku anayoondoka. Hageuki. Haongei. Nilikuwa na miaka kumi na moja alipopanda ndege kwenda Urusi kusomea uinjinia. Sasa nina kumi na sita, na watu wakiniuliza kaka yako anaendeleaje, ninawasimulia yule wa kwenye picha.

Leo baada ya misa mama alisimama chini ya ile picha kwa muda mrefu kidogo, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga. Nikaona aibu, nikaenda kuchota maji.

Jumanne, 10 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Mapanki ya mama, mabaki ya samaki anayoanika, hayakukauka.

Alhamisi, 12 Novemba

Mwalimu Mashimba alianza kipindi cha fizikia kwa Kiingereza kama inavyotakiwa. Akatutazama usoni, akaona hakuna kitu, akaenda kufunga mlango. Akifunga mlango tunajua Kiswahili kinakuja.

"Nyosheni dole gumba. Fumbeni jicho la kulia. Haya, sasa la kushoto. Kidole kimehama?"

"Kimehama, mwalimu."

"Wewe Kokulinda, umesogeza mkono?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi kilichohama ni nini?"

Nilijua jibu, nikanyamaza. Mimi ndivyo nilivyo. Gladness akajibu, "Ni macho, mwalimu, yako mawili na hayakai sehemu moja." Darasa likacheka, lakini mwalimu akasema ndiyo jibu lenyewe. Ukiujua mwachano wa macho yako, na ukajua kidole kimehama kiasi gani, unapata umbali wa kidole bila kukigusa. Wataalamu wa nyota walifanya hivyohivyo kwa Mirihi zamani: mmoja akatazama kutoka Ulaya, mwingine kutoka ng'ambo ya bahari, usiku uleule. Dunia ikawa kichwa, na watu wawili wakawa macho yake.

Lililonishangaza ni hili. Kabla ya hapo watu walikuwa tayari wana ramani ya mfumo wa jua. Walijua kwamba umbali wa Zuhura kutoka kwenye jua ni kama sehemu saba za kumi za umbali wetu, na kwamba Mshtarii iko mbali kutuzidi mara tano, kwa sababu walihesabu mwaka wa kila sayari una urefu gani. Lakini hawakuwa na kilomita hata moja. Ramani nzima, bila skeli. "Sasa pata umbali mmoja tu," mwalimu akasema, akagonga ubao, "mmoja, wowote ule, na mengine yote yanafunguka."

Siku hizi wanatumia rada. Wanatuma mawimbi mpaka Zuhura, yanagonga, yanarudi. Wanatazama yamechukua muda gani, wanagawa kwa mbili. "Ni kama kupiga kelele kwenye mawe," alisema. "Mwangwi ukichelewa, jiwe liko mbali."

Nilirudi nyumbani nikipiga kelele kimoyomoyo.

Jumamosi, 14 Novemba

Leo chakula cha jioni kilikuwa cha kucheka, kwa mara ya kwanza tangu baba apunguzwe kazi kiwandani. Mama alikumbusha ile habari ya simu. Mwaka juzi Florian alileta telegramu: atapiga simu posta, Jumamosi, saa 3. Tukavaa nguo za kanisani, saa tatu asubuhi tuko posta, baba na tai. Tukakaa kwenye benchi mpaka wanafunga, saa sita. Jumatatu yake mlinzi akamwambia baba, "Mzee, simu ililia humo ndani Jumamosi saa tisa alasiri. Ililia, ikalia." Ndipo tukaelewa: alimaanisha saa tatu ya Kizungu.

"Na ile barua," mama akasema, "eti tunaingia darasani saa nane asubuhi. Saa nane asubuhi ndiyo saa ngapi? Huko asubuhi inaisha lini?"

"Ndivyo wanavyohesabu wenzetu," baba akasema, kwa sauti ya mtu aliyefika huko. "Mtoto kashakuwa wa kule."

Mama akaacha kucheka.

Sokoni Mkuyuni, baba anapouza mashati ya mitumba, wanamwita Baba Injinia. Alianza mwenyewe kujiita hivyo. Mwishoni mwa mwaka jana mambo ya Urusi yalipovurugika, nchi ikavunjika vipandevipande, watu wakamuuliza, "Sasa kijana itakuwaje?" Akawajibu, "Chuo hakijavunjika." Tangu Juni barua zinapitia kwa Antoni, rafiki wa Florian anayefanya kazi bandarini Dar es Salaam. Florian aliandika kwamba posta ya kule haiaminiki tena, kwa hiyo Antoni atakuwa anawapa barua watu wanaosafiri.

Ijumaa, 27 Novemba

Jua lilipozama nikaona mwezi mwembamba juu ya ziwa, na Zuhura chini yake inawaka kama taa ya karabai. Nikapata wazo.

Jumamosi, 28 Novemba

Nilimfuata mwalimu Mashimba nyumbani kwake. Nilizunguka kibanda chake cha barafu mara mbili kabla ya kuthubutu (mkewe anauza barafu za rangi, mshahara hautoshi mtu siku hizi).

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unataka barafu au fizikia?"

Nikamwambia. Mimi nikiwa hapa, kaka yangu Urusi, sisi wawili ni macho mawili. Tukipima pengo kati ya mwezi na Zuhura dakika ileile, mwezi utakuwa umehama kidogo, na tutapata umbali wake. Mwalimu alinitazama kama ameniona leo.

"Zuhura iko mbali mno, yenyewe haitahama kiasi cha kuonekana kwa macho," akasema polepole. "Mwezi uko jirani. Utahama. Kutoka hapa mpaka huko... karibu upana wa miezi miwili. Lakini saa iwe moja, umenisikia? Mwezi wenyewe unatembea."

Akanionyesha namna ya kupima. Unafunga uzi wa sentimita hamsini na saba kwenye rula, unaugusisha mwisho wake kwenye shavu, unaunyoosha mpaka ukazike. Kwa umbali huo sentimita moja ya rula inafunika digrii moja ya mbingu. Hakuna kingine kinachohitajika. Akasema mwezi utapita tena karibu na Zuhura tarehe 27 Desemba na tarehe 26 Januari.

Nimemwandikia Florian usiku wa leo. Barua ikienda na kurudi ni miezi miwili na zaidi, kwa hiyo nimeweka miadi ya tarehe 26 Januari. Saa moja na nusu usiku, nimeandika, saa zetu na zenu ni moja majira ya baridi.

Baadaye nikakumbuka ile simu, lakini bahasha nilikwisha kuifunga, na gundi ilikuwa ya mwisho.

Jumatano, 9 Desemba

Shule imefungwa. Mvua.

Jumapili, 13 Desemba

Mvua. Baba amerudi na mashati yote.

Jumamosi, 19 Desemba

Barua! Sikutegemea kabla ya Februari. Wiki tatu tu! Mama akasema posta ya Urusi imepona. Florian anasema wazo langu ni zuri kuliko yote aliyosikia mwaka huu, na kwamba yeye hakuwahi kuwa na akili kama yangu. "Nitatoka nje saa moja na nusu bila kukosa, Koku. Nikiutazama mwezi nitajua na wewe unautazama." Halafu, chini: "Baba bado anawaambia watu habari zangu?"

Nimeisoma mpaka imeanza kulegea kwenye mikunjo.

Jumapili, 27 Desemba

Siku ya mazoezi. Mawingu, kisha mvua kwenye bati, kisha mawingu.

Jumatatu, 25 Januari 1993

Wingu zito. Gladness anasema uzi ninaotembea nao mfukoni ni wa kumfunga mvulana. "Yupi?" anauliza. "Nitajie herufi ya kwanza tu." Nimeshindwa hata kukasirika. Kesho ikinyesha sijui nitafanya nini.

Jumanne, 26 Januari

Ilinyesha mpaka saa kumi. Nilikaa dirishani nikachukia kila wingu kwa jina lake. Saa kumi na mbili upepo wa ziwani ukasukuma kila kitu kuelekea mashariki, na magharibi ikabaki safi kama sahani.

Nyuma ya nyumba yetu kuna lile jiwe kubwa analoanikia mama mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani, minofu ikishapelekwa Ulaya. Nilipanda na rula. Sikutaka mtu, lakini kusoma rula gizani kunahitaji tochi, na mikono yangu ni miwili. Mama akapanda bila kuitwa.

"Niangaze wapi?"

"Hapa, mama. Kwenye mistari. Usinimulike machoni."

"Mwenye haya zake leo ananiamrisha," akasema, lakini akaangaza vizuri.

Chini yetu redio ya jirani ilisema ni saa moja na nusu. Nikagusisha uzi shavuni. Mwezi juu, Zuhura chini, rula katikati. Sentimita nne na nusu. Nikapima tena. Nne na nusu. Mara ya tatu mkono ulicheza, nikapata nne na mistari sita, kisha ikarudi nne na nusu.

"Sasa hivi na yeye anautazama?" mama akauliza.

"Sasa hivi."

"Huu huu?"

"Huu huu, mama."

Alizima tochi bila kuniuliza. Nikasikia anavyopumua, na harufu ya samaki kwenye kanga yake, na kwa muda ule nilihisi kwamba tuko watatu juu ya lile jiwe. Sijawahi kutamani kumwona mtu hivyo, na uso wake siukumbuki.

Tulipokuwa tunashuka akanishika bega. "Ukimaliza hesabu yako, usinitajie habari za mwezi. Mwezi sina haja nao. Niambie yeye yuko mbali kiasi gani."

Nikamwambia hesabu inaweza kugeuzwa. Umbali wa mwezi umo vitabuni. Ukiujua huo na ukajua mwezi umehama kiasi gani, unapata umbali kati ya watu wawili.

"Basi igeuze," akasema.

Ijumaa, 29 Januari

Nimefanya hesabu mapema ili niwe tayari. Kama yuko alipo, yeye ataona mwezi umesogea kwa Zuhura. Atapata chini ya nne. Tatu na mistari saba, au minane. Nimeandika kwa penseli, nimeacha nafasi ya namba yake.

Jumamosi, 6 Februari

Barua imekuja leo.

Nilifurahi, halafu nikahesabu siku, na furaha ikaanza kutoka kidogo kidogo kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Kumi na moja. Kutoka hapa mpaka Dar peke yake barua inachukua siku nne, tano. Nikakumbuka ile ya Desemba. Mwangwi unarudi mapema mno.

Mama aliishika kabla sijaifungua, akaigeuzageuza. "Zamani barua zake zilikuwa zinafika zimechoka," akasema. Akanipa.

Florian anaandika: "Nilitoka saa moja na nusu kamili kama ulivyosema, anga lilikuwa safi. Nimepima mara tatu. Sentimita nne na nusu." Pembeni amechora mwezi na Zuhura. Mwezi umelala chali, kama bakuli, kama tunavyouona sisi; kule kaskazini husimama kwa ubavu.

Niliingia chumbani. Nikaandika namba yake kwenye nafasi niliyoiacha. Nne na nusu kutoa nne na nusu. Nikaifanya hesabu yote mpaka chini, pamoja na umbali wa mwezi na kila kitu, ingawa ukizidisha na sifuri hakuna haja ya kuendelea.

Na ile saa. Anasema saa moja na nusu kama mtu yeyote wa hapa. Hakuuliza ipi, hakukosea. Miaka mitano akatuandikia saa nane asubuhi, leo saa zimemrudia.

Jumatatu, 8 Februari

Nilimwonyesha mwalimu Mashimba namba mbili, sikusema zaidi.

"Kaka yako kakosea saa," akasema papo hapo. "Umemwandikia saa moja na nusu, kwa hesabu ya kule ni usiku wa manane. Wote tunaoandikiana na ndugu wa nje yanatukuta haya. Mimi shemeji yangu nilimkosa uwanja wa ndege."

Nilitamani sana iwe hivyo. Lakini nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Saa hizo mwezi ungekuwa umeshazama, mwalimu."

"Eeh. Kweli. Basi kakopi ya kwako."

"Sikumwandikia ya kwangu."

Akacheka, akachukua chaki. "Basi fizikia inasema hivi. Kama saa ni moja, na vipimo ni sawasawa, hao wapimaji wawili wamesimama..." Akaishia hapo. Chaki ikabaki hewani. Akanitazama, kisha akaangalia nje dirishani, na alipozungumza tena ilikuwa kwa upole ambao sijawahi kumsikia nao.

"Rula ni chombo duni, Kokulinda. Mtapima tena mwezi ukirudi."

"Ndiyo, mwalimu."

Jumatano, 10 Februari

Mama: "Hesabu imekamilika?" Mimi: "Bado kidogo."

Alhamisi, 11 Februari

"Bado, mama."

Jumamosi, 13 Februari

Nilimpelekea baba chakula sokoni. Alikuwa amesimama juu ya furushi la mashati anaisomea hadhara barua: mpaka pale anaposema anga lilikuwa safi. "Mnasikia? Kwenye theluji, anapima mwezi na dada yake!" Neno theluji halimo kwenye barua. Muuza viatu akasema, "Baba Injinia, akirudi atujengee daraja la Busisi, tumechoka kungoja pantoni." Wakacheka, na baba akacheka nao, akakunja barua taratibu sana na kuiweka kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto.

Zamani nilimwona ni mtu wa majigambo. Leo nilimtazama mikono. Kiwandani alikuwa fundi, watu ishirini chini yake. Sasa anakung'uta makola ya watu wasiojulikana. Hilo jina ndilo vazi pekee alilobaki nalo ambalo si mtumba.

Nadhani Florian analijua hilo. Nadhani ndiyo sababu. Labda chuo kilimfungia, labda walikata posho, alirudi mwezi wa sita na begi moja, akafika Dar, akamkumbuka baba na tai yake kwenye benchi la posta. Reli inatoka Dar inafika mpaka hapa mjini. Ameshindwa kuipanda.

Simlaumu. Nilijaribu, ikashindikana. Ninachohisi ni kibaya zaidi: akiwa Urusi nilimngoja kama mtu anavyongoja mvua, haiji kwa kuitwa. Sasa yuko mahali panapofikika, na umbali umenizidi.

Jumatatu, 15 Februari

Nimemwandikia kwa sanduku la Antoni. Nilianza barua ndefu, nikaichana, ya pili nikaichana. Nimetuma hii: "Umepima vizuri. Mimi pia nilipata nne na nusu. Mama ndiye aliyeshika tochi." Ni mtu wa hesabu. Ataelewa.

Jumapili, 21 Februari

Jumatano mwezi utapita tena karibu na Zuhura. Leo hata wingu hakuna, ziwa limetulia, na jioni hii baba ameenda kwa jirani kusikiliza taarifa ya habari, mama kuchota maji.

Baada ya misa mama aliniuliza tena. Safari hii alisimama njiani, watu wakatupita. "Koku, hesabu gani inakaa mwezi mzima? Mimi sikusoma, lakini kupika nimepika. Kitu kikiiva kinajulikana."

"Nitakwambia, mama."

"Lini?"

"Leo."

Nimekaa hapa tangu mchana. Ninaweza kumtajia umbali wa Urusi ulioko kwenye atlasi. Ataurudia kwa majirani, atausali kwenye rozari yake, na baba atabaki Baba Injinia. Ni namba nzuri, ina sifuri nyingi. Lakini yeye alikuwa juu ya lile jiwe, alizima tochi ili aone vizuri, na aliuliza swali moja tu ambalo mimi peke yangu duniani ndiye ninayelijua jibu. Nikimpa namba ya atlasi nitakuwa nimempeleka mwanawe Urusi mara ya pili.

Nimeamua hivi. Akiingia baba aulize, nitasema mawingu yaliharibu. Akiingia mama, namwambia: yuko Dar kwa Antoni, anasema saa kama sisi, ana aibu, na nauli ya treni ni ya mtu mmoja kwenda na ya wawili kurudi. Halafu tutaona la baba wote pamoja.

Kuna mtu anakuja uani. Baba lazima asimame barazani kwanza avue viatu, anahangaika na kamba, anaguna. Ninasikiliza.

Hatua hazijasimama. Zimepita baraza, ziko koridoni, kandambili zenye maji. Ngoja niuweke ukurasa huu chini ya godo—